Tundu la Kumi na Moja

Fundi wa mtandao hakutulia. Aliketi, akainuka, akaketi tena, mguu ukipiga sakafu kama wa mshona nguo. Wiki nzima mtandao wa hospitali ulikuwa unakufa mchana kweupe, na ugonjwa aliujua: mahali fulani mtu amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja ukutani. Ujumbe unazunguka, unazaa mwingine, na huo unazaa mwingine, mpaka kila kompyuta inaganda. Mafundi huiita hali hiyo dhoruba.

Mkuu wa hospitali, mama asiyejua kunong'ona, alishatangaza: akijulikana anayefanya hivyo, aende kwao.

Kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu ya kuchomekea waya za kila chumba, fundi alishaweka kikomo cha ujumbe. Kilichobaki ni hatua ya kuchukua kikivukwa. Imwage ziada kimyakimya, mkosaji asijulikane? Au ifunge tundu lenyewe na kuonyesha namba yake?

Kidole kilisita. Kwenye chumba cha dawa alikuwapo mdogo wake wa kike. Undugu wao waliuficha, asije akaambiwa kabebwa. Na binti yule tangu utotoni akiona kitu kinaning'inia, mikono inamwasha.

Lakini jana mjamzito alingoja majibu ya damu mpaka akaishiwa nguvu pale kwenye benchi.

"Potelea mbali," fundi akasema, akachagua kufunga.

Hakupata hata nafasi ya kuegemea kiti. Tundu la kumi na moja likafungwa. Chumba cha dawa.

Alishuka ngazi kama anayefukuzwa na nyuki. Ang'oe waya, basi, mengine yatajulikana baadaye. Lakini mkuu alishafika. Kompyuta ya dawa imekufa, foleni inanung'unika, na mzee mmoja anauliza kama dawa nazo zimeugua.

"Hospitali nzima wanafanya kazi, nyie tu ndio hamna mtandao," mkuu akasema. "Fundi, kuna nini?"

Fundi akainama chini ya meza. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe wa kufungia dawa, ncha zote mbili ukutani. Ulikuwa waya wake mwenyewe, aliouacha alipohamisha printa.

"Nani kachomeka huu?"

"Mimi," mdogo wake akasema. "Kila asubuhi nikifagia naukuta ncha moja imechomoka, naichomeka ukutani. Si kaka alisema waya usiachwe unaning'inia, watu watajikwaa?"

Hata mzee wa foleni akasogeza sikio.

"Kaka yako nani?" mkuu akauliza.

Binti akaziba mdomo kwa mkono. Fundi akatoka chini ya meza, vumbi magotini.

"Kaka ni mimi. Waya ni wangu, niliusahau hapa. Na maneno ni yangu, niliwaambia wote na sikuwaambia wauweke wapi wala wasiuchomeke wapi. Kama kuna wa kwenda kwao, naenda mimi."

Mkuu akamtazama, akamtazama binti, akatazama pua zao.

"Mnafanana, mimi sikuona," akasema. "Kwenda kwenu tutazungumza jioni, nyote wawili. Sasa hivi panda juu ukafungue hilo tundu, watu wamesimama."

Fundi akauzungusha waya mkononi, akapanda. Alifungua tundu, taa ikarudi kijani. Akaketi. Mguu ukaanza tena kupiga sakafu, na jioni ilikuwa bado mbali.