Kinyago Kilichopwaya

Wagonjwa waliniita Bi Dakika, na jina lenyewe nililipenda. Wenzangu wa chumba cha mionzi walihitaji robo saa kumlaza mtu mezani. Mimi kwa dakika tano kashalala, kashafungwa kinyago, kashapigwa picha, mionzi inawaka. Najua nilikuwa najipiga kifua. Lakini wagonjwa arobaini kwa mashine moja hawamalizwi na watu wa kupapasapapasa.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja mwenye saratani ya koo, upande wa kushoto. Mzee mpole, mwenye utani wa chinichini. Siku yake ya kumi na tisa ya mionzi alikuja amekonda kweli, maana kumeza kulikuwa kumemshinda. Nikamfunika kinyago chake, kile cha plastiki chenye matundu tunachomfinyangia kila mgonjwa usoni na shingoni ili asitikisike. Kabla sijakibana mezani, akainua kidole.

"Mwanangu, kinanipwaya. Hapa shingoni vidole viwili vinapita."

"Mzee, nguo ni zako, kinyago ni changu," nikamjibu. "Tulia."

Nisijifanye sikuona. Niliona. Nikakunja kitambaa, nikamwekea chini ya kichwa mpaka kinyago kikambana. Nikatoka, nikapiga picha, nikailinganisha na ile ya mwanzo iliyopangiwa matibabu. Mfupa wa taya ulikaa juu ya mfupa wa taya, pingili juu ya pingili. Ila nyama ya shingo ilikuwa imenywea, na ngozi imeuacha mbali mstari wake wa zamani. Utaratibu wetu unasema hapo unasimama, unamwita daktari. Kumwita daktari ni nusu saa, na nje watu wamejaa. Nikatia saini kwamba picha iko sawa.

Kesho yake alitaka kusema tena, nikamkata kauli. "Ukitaka kupima watu, rudi dukani kwako." Wenzangu wakacheka, naye akacheka nao. Tangu siku hiyo hakulalamika tena, na mimi nikaendelea na kitambaa changu.

Ilifika siku ya nane tangu mzee aliponiambia kinapwaya, ndipo mwanafizikia wetu anayekagua vipimo vya mionzi, mama asiyejua kupiga kelele, alipozipitia picha zake na kuniita kwenye kompyuta. Akaweka kalamu juu ya kioo.

"Tezi ya mate ya kushoto tulijua tutaipoteza, uvimbe uko huko. Hii ya kulia ndiyo tuliyomwahidi kuilinda. Shingo imenywea, tezi imevutwa ndani, inapigwa mionzi mikali."

"Itapona?"

"Labda kiasi. Labda atatembea na chupa ya maji maisha yake yote, na chakula bila maji hakipiti."

Chini ya kila picha kulikuwa na saini yangu.

Daktari alisimamisha matibabu, akaagiza kinyago kipya na mpango mpya. Angenifokea ningejibu, kujibu nakujua. Lakini aliniuliza tu, "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Nikasema mimi. Na ukweli ni kwamba nilitaka kuyachagua maneno. Njiani nikawa nimeshayapanga: mabadiliko madogo ya kiufundi, tunaboresha huduma, usiwe na wasiwasi.

Alikuwa kwenye benchi la kungojea, mkewe pembeni ameshika chupa ya uji. Nikaketi. Nilipofika kwenye "mabadiliko madogo," mzee akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama anayejitahidi kunielewa, nami nikayaacha maneno niliyoyapanga.

"Baba, si mabadiliko," nikasema. "Uliponiambia kinapwaya, ulikuwa sahihi. Nililiona jambo lenyewe kwenye picha, nikaliziba kwa kitambaa kwa sababu nilikuwa na haraka. Siku nane. Tezi ya mate tuliyokuahidi kuilinda imeumia, na huenda mate yako yasirudi. Nisamehe."

Mkewe ndiye aliyeanza. Hakunitazama mimi, alimtazama mumewe.

"Si uliniambia ni wewe usiyejua kukaa sawa?" Kisha akanigeukia. "Kila jioni mwenzangu analala sakafuni, anajizoeza kutotikisika. Ananiambia nimwangalie kama shingo inacheza. Anasema anakuharibia kazi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Matusi ningeyabeba. Hilo la sakafuni sikujua niliweke wapi.

Mzee akalamba midomo iliyokauka.

"Uliyoyafanya umeyasema," akasema. "Na mimi nina langu. Yule mwalimu mwenye miwani, anayelala mezani baada yangu. Wiki iliyopita aliniambia chake nacho kimelegea. Nikamwambia asikusumbue, wewe kazi yako unaijua."

Nikainuka bila hata kuaga. Nikarudi kwenye kompyuta, nikazifungua picha za mwalimu, na safari hii sikuhitaji mtu wa kunionyesha kwa kalamu. Nilikuwa nimemhudumia asubuhi ileile, haraka kama kawaida yangu, na bado nilijisifu kwa wenzangu kwamba foleni inakwenda.

Daktari alikuwa bado anaandika nilipoingia.

"Umeshamwambia?" akauliza.

"Nimemwambia," nikasema. "Kuna mwingine."