Mgongo wa Mwalimu

Soko huria lilipofika Bariadi, kila mwenye chumba cha mbele alifungua kitu. Malimi alirudi kutoka Mwanza mwaka 2002 na kompyuta tatu zilizokwisha kuchoka, akapanga chumba mtaa wa Somanda, akaandika ukutani: KARNE MPYA, MAFUNZO YA KOMPYUTA. Miezi miwili ikapita, karne mpya ikapata wanafunzi wanne, na mmoja wao alifuata kivuli tu.

Ndipo akaja mama Milembe kutoka Zagayu, mwenyekiti wa akina mama wakulima wa pamba na, kwa balaa la Malimi, mama mzazi wa mkewe Nyamizi.

"Mwangaluka, mayu," Malimi alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma huku akirudi nyuma hadi akagonga ukuta.

"Mwangaluka, baba. Nimekuja kusoma." Mama Milembe alitazama pembeni. "Wanunuzi wa pamba siku hizi ni wengi, na kila mmoja anataka barua iliyopigwa chapa. Nipe wiki tatu. Nikiweza kuandika barua peke yangu, naleta mabinti ishirini wa kikundi. Nisipoweza, funga hiki kiduka urudi kulima, mwanangu apate kula."

Mabinti ishirini! Lakini mila ni mila: mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hampi mkono. Sasa atamwongozaje mkono juu ya kipanya? Msomi wetu, aliyezoea kutangaza kwamba dunia imekuwa kijiji, akatoka barazani, akakipa chumba mgongo, akaanza kufundisha kwa kupaza sauti ili aishinde jenereta.

"Sogeza kipanya kulia, mayu! Mshale umefika wapi?"

"Umepotea!"

"Haujapotea, uko pembeni. Urudishe polepole, kama unaswaga ndama."

Wapita njia walisimama kusikiliza. Kufikia wiki ya pili, muuza karanga wa ng'ambo ya barabara alijua kuhifadhi faili ilhali hajawahi kuiona kompyuta.

Jumamosi ya mwisho Malimi alikatazwa hata kukohoa. Alisimama barazani akitokwa na jasho, akisikiliza vitufe. Ta. Ta. Kisha kimya kirefu. Alishaanza kuliona jembe. Mara printa ikalia, na mama Milembe akatokea mlango wa uani kuwahi basi la Zagayu.

Malimi akaingia mbio. Karatasi ilikuwa mezani, herufi zote ndogo.

"mkwe wangu malimi. nilimkataza nyamizi asiolewe nawe, nikasema huna akili. miaka sita nimekosa njia ya kukuambia kwamba nilikosea, maana uso kwa uso hatuwezi. sasa nimeipata. mabinti wanakuja jumatatu. wao si wakwe zako, ingia ndani ufundishe. na shati lako limechanika mgongoni, wiki tatu nalitazama. mwambie mwanangu alishone."

Malimi alilia waziwazi, mbele ya wanafunzi wake wote wanne. Halafu akapeleka mkono mgongoni, akaanza kulitafuta tundu.