Kitabu cha Watu wa Kaskazini

Mfalme wa Shwari alipenda kusema kwamba katika milki yake hakuna anayelala na njaa wala anayelala na siri. Kila raia alikuwa na jirani aliyepangiwa kumsikiliza, na kila Ijumaa jirani huyo alikwenda kwa Waziri wa Utulivu kueleza aliyoyasikia. Sheria haikumkataza mtu kusema. Ilimtaka tu mwenzake akumbuke. Kadiri miaka ilivyopita, watu wakazoea kuzungumzia mvua, na majirani wakaacha kula pamoja.

Bi Kasiwa alikuwa Msomaji wa Baraza. Kila kitabu kilichoingia nchini kilipitia kwake kwanza, na hakuruhusiwa kukizungumzia na yeyote mpaka Baraza liamue. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Jirani aliyepangiwa kumsikiliza alikuwa Njeza, mdogo wake wa tumbo moja.

Masika moja, walinzi wa mpaka walimletea riwaya kuukuu, iliyoandikwa mbali, kabla Mfalme hajazaliwa. Ilisimulia nchi ambayo mtawala wake aliweka mgeni katika kila nyumba, mgeni asiyeweza kuombwa aondoke. Humo mama mmoja aliacha kumwimbia mwanawe, akihofu mgeni atauliza maana ya wimbo. Bi Kasiwa alipofika hapo aliinuka akafunga dirisha, kisha akasoma mpaka mwisho. Alitamani kumshika mtu mkono na kumwambia, soma hapa. Chumbani alikuwa peke yake, na kule nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo.

Barazani, Waziri alimuuliza, "Kitabu hiki kinasema juu ya nchi gani?"

Bi Kasiwa alijua kwamba akisema kweli kitachomwa. "Kwa nilivyokisoma, Mheshimiwa, ni juu ya jirani zetu wa kaskazini."

Mfalme alifurahi mno, maana watu wa kaskazini hakuwapenda. "Kichapwe," alisema. "Kila nyumba ipate chake. Wananchi waone wenzao wanavyoteseka."

Kikachapwa. Bi Kasiwa akasubiri. Sokoni alizitazama nyuso za watu, kisimani akakawia kuteka maji, akitumaini mtu atamtupia jicho tu, asiseme kitu. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa upole ule ule: "Masikini watu wa kaskazini." Zamani alijipoza kwamba hawajui. Sasa wote walikuwa wamesoma, na upweke wake ukawa mzito kuliko awali.

Alhamisi moja alivuka ua akaingia jikoni kwa mdogo wake. Njeza alikuwa akichambua mboga.

"Kitabu umekisoma?"

"Nimekisoma, dada. Nimewahurumia watu wa kaskazini."

"Na yule mama aliyeacha kumwimbia mwanawe?"

Mikono ya Njeza ikasimama. "Dada, kesho Ijumaa."

"Najua. Nenda ukawaambie dada yako amesema nchi ile ni hii yetu. Nimechoka kulijua peke yangu."

Njeza alimsogezea kigoda, wakachambua mboga pamoja, kisha wakala. Usiku huo Bi Kasiwa aliporudi kwake alilala usingizi mzito.

Kesho yake aliwasubiri askari. Hawakuja kwake. Walikwenda kwa Njeza. Njeza alikuwa amesimama mbele ya Waziri na kusema kwamba juma zima hakusikia kitu, na kwa sheria ya Shwari kutosikia kitu lilikuwa kosa kubwa kuliko yote.

Bi Kasiwa alikwenda barazani bila kuitwa.

"Nilidanganya," alisema. "Kile kitabu kinafanana na nchi yetu. Mdogo wangu alinisikia nikisema hivyo, akanisitiri."

Washauri walitazama chini. Wote walikuwa wamekisoma. Mfalme naye alikuwa amekisoma, na alimwangalia Bi Kasiwa kana kwamba anataka kumuuliza jambo ambalo hawezi kumuuliza mbele ya watu.

"Kwa nini basi hukusema siku ile?" aliuliza hatimaye.

"Nilitaka nipate mtu wa kuzungumza naye, Mtukufu."

"Ukampata?"

"Nilimpata mmoja. Mmemfunga."

Mfalme aliamuru Njeza aachiwe, Bi Kasiwa afungwe mahali pake, na vitabu vyote vikusanywe siku hiyo hiyo.

Gereza lilikuwa mpakani, juu ya jabali, na chumba alichopewa hakikupakana na kingine. Mlinzi aliyemletea chakula alikuwa amekatazwa kusema naye. Bi Kasiwa alihesabu kwamba kufikia sasa kitabu kimekwisha kuwa majivu, na kwamba watu wamerudi kwenye habari za mvua.

Huko mjini, askari walipita nyumba kwa nyumba. Katika nyumba ya kwanza mzee mmoja aliwaambia kwa adabu kwamba kitabu chake kimepotea. Katika ya pili, mwanamke alisema chake kimepotea. Walizunguka mji mzima mpaka jua likazama, wakarudi kwa Waziri mikono mitupu. Ijumaa iliyofuata, majirani walipanga foleni mlangoni pake, na mmoja baada ya mwingine wakasema hawakusikia kitu.

Bi Kasiwa hakuambiwa.