Macho Mekundu ya Dani Adongo

Picha ilitoka na macho mekundu, na kwa ajili ya macho hayo Mama Robinson wa Marachi akaapa kwamba nyanya wa bi harusi hatakanyaga harusini. Mimi ndiye niliyeipiga. Miaka ile ya tisini nilikuwa na studio hapa Busia, karibu na mpaka, na hakuna kitu kilichonichosha kama flashi na watu wake.

Ilikuwa siku wakwe walipoleta mahari nyumbani kwa kina Benta, bi harusi. Sebuleni kulikuwa na giza, mlango umefungwa kuzuia watoto wa majirani. Kamera yangu ilikuwa na kitaa kidogo kinachomulika kwanza ili mboni zisinyae, kisha ndipo flashi yenyewe inapiga. Lakini watu wetu wakiona kitaa tu wanadhani kazi imekwisha: huyu ameshainuka, yule ameshageukia soda. Basi nilikizima. Wengine walikuwa wakitazama sahani. Dani Adongo, nyanya yake Benta (dani kwa Kijaluo ni nyanya), peke yake ndiye aliyepigiwa kelele na nyumba nzima, maana kwenye picha ya kitambulisho alitoka kama amesinzia. "Dani, toa macho! Usifunge!" Naye, mtiifu wa watu, akayatoa yote mawili na kuyaelekeza moja kwa moja kwenye kamera.

Albamu ilipofika Marachi, Mama Robinson, mamake bwana harusi, akaifunga kwa kishindo. "Huyo mama asikuje kwangu," akasema. "Macho kama hiyo ni ya mchawi."

Benta alinijia studio akilia. Dani ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki.

"Dada Wilkister, kama Dani haendi, mimi siolewi. Na yeye amekataa kutoka kwa nyumba. Anasema ataniharibia."

Nilibeba kamera tukaenda, mvua ikitunyeshea. Dani alikuwa ameketi chumbani, amejifunika leso usoni.

"Mwanangu," akaniuliza polepole, "hiyo mashine iliona nini ndani yangu?"

Nilimhurumia hadi nikashikwa na hasira. Mwanamke aliyeuza samaki maisha yake yote na kulea mjukuu, leo ajishuku mwenyewe kwa sababu ya taa!

"Iliona damu, Dani. Mwangaza ukiingia kwa jicho ghafla, na ni giza, unagonga damu iko nyuma, unarudi nayo. Hata mimi niko nayo. Hata huyo wa Marachi."

"Yeye pia?" Leso ikashuka kidogo.

"Yeye pia. Tena nyingi."

Akacheka. Nilifungua mlango na dirisha, nikamketisha karibu na mwangaza. Mvua ilikuwa imetia wingu zito, kwa hiyo flashi ilihitajika bado. Safari hii nikawasha na kitaa.

"Kikimulika usiinuke, bado sijamaliza. Na kamera usiiangalie kabisa. Angalia Benta."

Benta alisimama kando ya mlango, akijikaza asilie tena. Dani akamwangalia. Kitaa kikamulika, hakutikisika. Nadhani hata hakukiona. Nikabonyeza.

Filamu iliposafishwa Kisumu, nilipeleka picha Marachi mwenyewe. Mama Robinson alikuwa uani akipepeta maharagwe, wala hakunikaribisha kiti. Aliishika picha kwa ncha za vidole.

"Umepaka wino kwa macho."

"Sijapaka kitu, mama." Nikaanza kumweleza habari za flashi, mboni na damu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na maneno makali kidogo nilikuwa nayo pia. Nikaona hanisikilizi. Alikuwa ameweka ungo chini na kuisogeza picha karibu na uso.

"Hapa anaangalia nani?"

"Benta."

Kuku walikuja wakaanza kudonoa maharagwe yake ungoni, na hakuwafukuza.

"Mimi nikiletwa hii boma," akasema, "hakuna mtu wetu alikuja. Nililia peke yangu huko jikoni, na hakuna mtu aliniuliza kwa nini."

Maneno yangu makali yote yalinikauka mdomoni, nikamwonea huruma yeye naye.

"Mwambie aje," akasema. "Akae na mimi, mbele."

Nikanyoosha mkono kuchukua picha nimpelekee Dani. Mama Robinson akaibana kifuani.

"Hii uniachie," akasema.