Baiskeli ya Patasi

Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai, mwaka 2025, ndiyo siku patasi ya marehemu mke wangu ilipomeguka mikononi mwangu, kwenye karakana ya kikundi chetu pale Kabuku. Kabla ya siku hiyo nilikuwa na shemeji. Sasa nina mwenyekiti tu.

Naitwa Kaleb, fundi seremala. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Patasi yenyewe ilitoka kwa baba mkwe, naye alikuwa seremala, Korogwe. Chuma cha zamani, kizito, upana wa vidole viwili. Alipokuwa anakufa hakumwachia Hiza, mwanawe wa kiume. Alimwachia binti yake Agripina, kwa sababu Agripina ndiye aliyejua kuinoa. Hiza alikuwa fundi tayari, na jambo lile lilimkaa rohoni.

Katika ndoa yetu mimi nilitoboa, yeye akanoa. Anakaa kwenye kigoda, jiwe mbele yake, mafuta kidogo, ananiuliza, "Kesho unachonga mti gani?" Nikisema mkongo, ule mti mgumu, anainua mkono kidogo, makali yanatoka manene. Nikisema msonobari, anaulaza mkono, yanatoka membamba. Sikuwahi kumuuliza anauinua kiasi gani. Mtu una mke anayejua, unauliza ya nini?

Agripina alifariki mwaka juzi. Wakubwa wa ukoo wao wakaamua azikwe Korogwe, karibu na baba yake. Mimi sikuulizwa, niliambiwa gari linaondoka saa ngapi. Siku ya kumaliza msiba wakagawa vitu vyake: vitenge kwa dada zake, sufuria kwa mama mdogo. Ilipofika zamu ya patasi, Hiza akasimama mbele ya wazee.

"Hii ni ya baba," akasema. "Lakini ikae kwa shemeji, maadamu anaifanyia kazi na haijaharibika. Ikiharibika, irudi nyumbani."

Wazee wakaitikia. Mimi nikamshika Hiza mikono yote miwili, nikamshukuru mbele za watu. Kwangu ilikuwa kama wameniachia mkono mmoja wa Agripina.

Huyo Hiza ndiye mwenyekiti wa kikundi. Ndiye pia aliyetuletea kile kifaa cha kunolea, wakati Agripina yu hai. Ni kigari kidogo chenye gurudumu moja. Unabana patasi juu yake, unaisukuma mbele na nyuma kwenye jiwe, mkono haupandi wala haushuki. Agripina alikitazama akasema, "Hii si kunoa. Mmeinunulia patasi baiskeli." Jina likabaki hilo, baiskeli.

Hiyo baiskeli haina uchawi. Patasi ikitokeza mbele kidogo tu, inasimama, makali yanakuwa manene. Ikitokeza sana, inalala, yanakuwa membamba. Ili tusipime kila siku, tulipigilia kibao juu ya meza. Unaegemeza baiskeli kwenye ukingo wa meza, unasukuma patasi mpaka ncha iguse kibao, unakaza skrubu, basi. Kibao kilikuwa cha nyuzi thelathini. Hiza mwenyewe alikipima, akatuambia hizo ndizo nyuzi za mti mgumu na za kupigwa nyundo. Baada ya Agripina kuondoka, mimi mkono wangu ukawa kile kibao.

Mwezi ule wa Julai kikundi kikapata kazi ya madirisha ya msonobari, mbao laini za huko Usambara. Mimi sikuwekwa huko. Nilikuwa na fremu ya mlango ya mzee Metito wa Kang'ata, mkongo mtupu, na mzee yule alitaka matundu ya ulimi, yale ya kuunganishia mbao, yatobolewe kwa patasi, hataki misumari. Jumatano nikaaga, nikaenda Korogwe kupalilia kaburi. Hiza akaniambia, "Msalimie dada."

Nilipokuwa nimeinama kule na jembe, huku karakana wenzangu wakakisogeza kibao. Wakakipeleka mbali, nyuzi zikawa hazifiki ishirini na tano. Kwa msonobari ni sawa, sikatai. Makali membamba yanaingia msonobari kama kisu kwenye papai. Mkongo si papai.

Alhamisi asubuhi nikaingia na patasi yangu kwenye kitambaa. Hiza yuko kwenye randa. Dorkasi, katibu wetu, anapaka gundi. Denis, kijana wa kikundi, anapiga msasa.

"Shikamoo mzee Kaleb. Leo unapanda baiskeli?" Denis akauliza.

"Marahaba. Napanda. Miguu ya wazee haina spea."

Wakacheka wote. Hiza naye alicheka, nilimwona.

Nikabana patasi, nikaigusisha kibao, nikaanza kusugua. Ikachukua muda mrefu kuliko kawaida, maana kumbe jiwe lilikuwa linakula kisigino, ile sehemu ya nyuma ya ulalo wa zamani, halijafika kwenye ncha. Nikadhani jiwe limezeeka. Nikaongeza mafuta. Jasho likanitoka.

"Mzee, leo unaisugua kama sufuria ya kande," Denis akasema.

"Mwache," Hiza akajibu bila kugeuka. "Anainoa ya dada."

Mwishowe ikakubali. Nikajaribu kwenye mkono, ikanyoa nywele safi kuliko siku zote. Nikafurahi. Nikasema moyoni, Agripina, umeona? Nikashika nyundo ya mti. Pigo la kwanza likaingia vizuri. La pili nikasikia mlio kama mtu ameuma jiwe kwenye wali. Nilipoichomoa, makali yalikuwa na pengo la punje ya mahindi, na kipande kimebaki ndani ya mkongo, kinang'aa.

Hiza akaweka randa chini. Akaja, akaipokea mkononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga. Hakushtuka. Mtu aliyeshtuka namjua.

"Imeharibika, shemeji."

Nikaenda mezani. Tundu la msumari wa zamani lilikuwa wazi, kibao kimehama.

"Kibao kimesogezwa."

"Kikundi kiliamua jana. Hukuwepo."

"Nilikuwa kwenye kaburi la dada yako."

"Sasa nani alikukataza kuangalia makali? Fundi haangalii makali?"

"Niliangalia. Yalinyoa."

"Hata wembe unanyoa, shemeji. Wembe unatoboa mkongo?"

Denis akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akarudi kwenye msasa wake. Hiza akachukua kitambaa changu, kitambaa alichokishona Agripina, akaifungia patasi humo.

"Wazee walisikia siku ile," akasema.

"Pengo hilo linaondoka. Jiwe la siku moja. Agripina angelitoa bila kusimama."

"Agripina hayupo."

"Unaipeleka wapi?"

"Nyumbani."

Nyumbani ni kwake. Wiki iliyofuata nikaiona kwenye meza yake, imeshasagwa, imeshanolewa, inachonga nafasi za bawaba kwenye madirisha ya msonobari. Iliyoharibika kwangu ilikuwa nzima kwake.

Nikaenda Korogwe kwa wazee. Wakanipa chai, wakaniambia neno lilisemwa na mimi niliitikia, na kama ni habari ya kibao, hayo ni mambo ya kikundi. Nikaenda kwa mkubwa wa kijiji. Naye akasema ni mambo ya kikundi, nikamwone mwenyekiti. Hivyo ndivyo wenye vyeo walivyo, kila mlango unaufungua unamkuta yule yule uliyemkimbia.

Habari ya kibao nimeiacha. Kikao kinaweza kusogeza kibao, ndiyo kazi ya vikao. Ninachoshindwa kumeza ni ile asubuhi. Nilisugua mpaka shati likalowa, na wao wako pale, wananitania. Kila mmoja alijua kibao kiko wapi, na kila mmoja alijua napiga mkongo. Nilimuuliza Denis, akasema alidhani Dorkasi ameshaniambia. Dorkasi akasema kutangaza maamuzi ni kazi ya mwenyekiti. Nikamfuata mwenyekiti, nikasimama mbele ya meza yake, nikamuuliza taratibu bila kelele. Akapuliza vumbi kwenye randa, akaendelea na ubao wake.

Kwa hiyo naandika hapa, labda yupo atakayemsomea. Hiza, uliponiona nanyanyua nyundo, ulinyamaza kwa nini?