Funga ya Stefano

Alfredo mwenye mtumbwi alikuwa mtu wa kujua kila kitu, ila mara nyingi alijua nusu. Alfajiri ile ya Novemba, alipowavusha Ilda na mwanawe na kuwashusha kwenye matope ya Ruvuma, upande wa Tanzania, alimgawia na yeye nusu yake.

"Sikiliza, dada. Huku ni Ramadhani. Ukila mchana watajua si mwenzao, na kwa vita hivi, asiye mwenzao ni mpelelezi wa Wareno. Watakurudisha ng'ambo. Jina lako Sharifa. Usile, usinywe, mpaka ufike Mtwara."

"Na mtoto?"

Alfredo, ambaye maishani mwake hakuwahi kufunga wala kulea, alifikiri kidogo. "Mtoto naye ni mtu," alisema, akapiga kasia.

Ilda alishika njia na maneno hayo, Stefano mgongoni, mtoto wa miaka miwili. Mumewe alikuwa ametangulia, anafanya kibarua Chuno, mjini Mtwara. Ng'ambo nyumba yao ilichomwa na askari, na ya majirani pia, na waliokuwamo ndani hawakutoka. Kurudishwa alijua maana yake.

Saa tatu jua lilikuwa tayari kali. Stefano akalilia maji. Ilda alichepuka nyuma ya kichaka, akachomoa kizibo cha kibuyu, na kabla mtoto hajapata hata funda moja, mtu akakohoa upande wa pili. Kibuyu kikamponyoka, kikapasukia kwenye kisiki. Aliyekohoa alikuwa mzee na mzigo wake wa kuni. Alipita zake, hata hakugeuka. Ilda alibaki anatazama mchanga unavyonywa maji ya mwanawe.

Kuanzia hapo ilikuwa mikorosho mitupu. Msimu ulikuwa umekolea, mabibo yametapakaa chini, mekundu na ya njano, yanachuruzika. Na chini ya kila mkorosho watu wameinama wanaokota korosho, midomo imewakauka, salamu wanaitikia kwa shida.

"Mama, bibo," Stefano alisema, akanyoosha mkono.

Ilda aliupiga ule mkono. Maji ya bibo yakigusa nguo hayatoki. Doa moja tu kwenye shati la mtoto lingesema yote. Mbele kidogo mtoto akanyoosha tena, akapigwa tena. Baadaye hakunyoosha. Wala hakulia. Kichwa kilimlalia mama yake begani, kizito. Ilda akakaa chini pembeni mwa shamba la watu.

Mwenye shamba, Zuhura, mama wa makamo, alikuja mbio na kata ya maji. Nyuma yake alikuja shemeji yake Selemani, balozi wa nyumba kumi, na wanawake watatu.

"Mpe mtoto anywe," Zuhura alisema.

Ilda akamziba Stefano mdomo kwa kiganja. "Amefunga."

"Nani amefunga?"

"Sote. Na mtoto."

Mwanamke mmoja akacheka. Selemani hakucheka. "Unaitwa nani?"

"Sharifa."

"Unatoka wapi?"

"Nanyamba."

Selemani alimtazama miguu. "Nanyamba kuna tope la mtoni? Na Sharifa gani huyo asiyejua kwamba mtoto hafungi? Huyu ni wa kupelekwa kwa mgambo."

Alfredo alisema kweli, basi, Ilda aliwaza, wamemjua. Na haya maji ni mtego.

"Shemeji, ngoja kwanza," alisema Zuhura. Akapiga magoti mchangani, akageukia Kimakonde, ambacho ni cha ng'ambo zote mbili. "Mwanangu, mtoto hafungi. Hata wewe, msafiri, una ruhusa. Nani kakudanganya?"

Ilda aliisikia lugha ya mama yake, na hofu ikazidi. Mtu wa kukutega haji na sauti kali. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Wanawake waliguna. Zuhura alitazama juu. Jua lilikuwa utosini. Siku ishirini na tatu alikuwa amezishika zote. Alimtazama Stefano, macho yamemrudi ndani. Akasema bismillahi, akanywa mafunda matatu, taratibu, koo lake likionekana linavyomeza.

"Siku hii nitailipa baada ya Idi," alisema. "Haya, toa mkono."

Ilda aliutoa. Maji ya kwanza yalimtiririka Stefano kidevuni. Ya pili akayameza. Kisha akaing'ang'ania kata kwa mikono miwili, na Ilda akalia kwa sauti mbele za watu asiowajua.

Selemani alikohoa. "Jina lako la kweli?"

"Ilda. Mume wangu anafanya kibarua Chuno."

"Basi, Ilda, pumzikeni. Kesho nitakufikisha mwenyewe kwa mumeo."

Alhamisi moja baada ya Idi, Ilda alirudi pale shambani kutoka Chuno, na mwanawe. Watu wengine walikuwa wanakula mihogo kivulini. Zuhura peke yake alikuwa juani, ananyonyoa korosho kwenye mabibo, midomo imemkauka. Ilda akakaa karibu yake, akaanza kunyonyoa naye. Stefano alikuja na bibo, shati zima madoa, akamnyooshea Zuhura, naye akakataa huku anacheka. Ilda alipoletewa maji ya mgeni, alishukuru, akayaweka chini, na hakuyagusa mpaka magharibi.