Bomba Limelazwa

Ndoo zilikuwa bado zimepanga mstari mpaka kwenye ukuta wa shule, na Dafroza alikuwa ameshashika spana.

"Subiri nijaze hii, mama Esta," alisema Skolastika, jirani yake, akiisukuma ndoo mdomoni mwa bomba.

"Nimeambiwa nililaze bomba asubuhi hii hii."

"Ndoo moja tu. Mgonjwa mwenyewe si bado anatoa maji kama ng'ombe wa maziwa?"

Foleni nzima ikacheka. Ndivyo walivyosema pale kijijini, mbele kidogo ya Kibara: bomba limelazwa, kama mtu anavyolazwa hospitali. Kila mwezi wa saba ukikaribia, mkono wa chuma unang'olewa, mnyororo unatolewa, vinatiwa kwenye gunia na kupelekwa stoo kwa Bwana Wenceslaus wa shirika la wafadhili. Wanafunzi wa chuo kutoka Ulaya wakija wanakuta bomba bovu. Wanalitengeneza, wanapigwa picha, na huko kwao wanapewa maksi. Wakiondoka, bomba linakuwa limepata ruhusa, linatoa maji mwaka mzima bila hata kukohoa. Mwezi wa saba linaugua tena.

Anayelilaza ni Dafroza. Shirika lilitaka spana ishikwe na mwanamke, wakampeleka semina Musoma, akarudi na fulana na cheo cha kamati ya maji. Wanaume walimwita Mama Spana wakidhani wanamtukana. Yeye alipenda. Akipita na spana kiunoni, hata wazee waliokuwa kwenye bao walimpisha.

Alifungua nati ya kwanza. Skolastika akaondoa ndoo yake, nusu imejaa.

"Sasa tunarudi ziwani," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Miaka ya nyuma kwenda ziwani kulikuwa ni uchovu tu. Lakini mwaka ule wa tisini na saba magugu maji yalikuwa yameshafika. Yalikuja yakielea, na maua yake ya zambarau, mazuri kweli, yakatanda ufukweni mpaka ukawa unatazama ziwa na unaona shamba. Mitumbwi ikakwama. Maji ya kuteka ukayapata kwa kupasua majani kwa mikono. Na chini ya majani walilala mamba. Mwezi wa tano walikuwa wamemvuta ndama wa watu, mwenye ndama amesimama anaona.

Dafroza alilibeba gunia kichwani mpaka stoo. Wenceslaus alikuwa kwenye kiti nje, redio imewashwa. Zamani alikuwa karani wa chama cha pamba. Chama kilipokufa akapunguzwa kazi, akakaa mwaka mzima bila hata nauli ya kwenda Bunda, ndipo shirika likamwokota.

"Shikamoo, Bwana Wenceslaus."

"Marahaba, mama Esta. Mgonjwa amefika salama?"

"Amefika. Lakini nilikuwa naomba tumrudishe. Hao wanafunzi si bado wako Mwisenge, kule Musoma, wanafundishwa Kiswahili? Siku wakifika Bunda nalaza mwenyewe, kazi yenyewe ni ndogo."

"Tulifanyaga hivyo mwaka juzi. Wakaja mapema. Wakakuta akina mama wanateka maji wanapiga soga. Unajua kuna binti alilia? Alilia kabisa. Amepanda ndege mbili, amechangisha kanisani kwao, anafika anakuta maji yanatoka. Wakubwa wao wakaniuliza, kama hamna shida tunakuja kufanya nini? Kidogo wahamie Butiama."

"Ziwani kuna mamba."

"Mamba wapo tangu tunazaliwa."

"Siku hizi magugu yanawaficha."

Wenceslaus akapunguza redio. Hakuwa na hasira. Aliongea taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka.

"Bati la zahanati lililetwa na nani?"

"Na wanafunzi."

"Madawati?"

"Na wanafunzi."

"Ada ya Esta?"

Dafroza akatazama gunia. Shule zilikuwa zimerudia kulipisha ada, na Werema, baba Esta, alikuwa amefuata sangara visiwani na hajaleta hata salamu. Esta alikuwa darasa la sita, wa pili darasani, na mwalimu alishasema huyu atafika sekondari.

"Sisi sio serikali, mama," Wenceslaus alisema. "Serikali imeshanawa mikono. Tumebaki na shida zetu, na shida ndiyo inayotuletea wageni. Tukikosa shida hawaji. Ingiza ndani hilo gunia, kuna soda hapo, kunywa."

Akaliingiza. Soda hakunywa.

Jioni alimwambia Esta, "Ziwani huendi peke yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Kwani mgonjwa amelazwa mpaka lini?"

"Mpaka madaktari wake waje."

Esta akacheka mpaka akapaliwa na ugali.

Na kweli hakwenda peke yake. Alikwenda na darasa zima, kwa sababu mwalimu alikuwa ametangaza kila mtoto aje na maji, madarasa yaoshwe na maua yamwagiliwe, wageni wasikute vumbi. Wenzake walisema aliingia mbele kidogo kuliko wote, pale alipoona maji masafi. Walisema hakupiga kelele. Walisikia majani yanachanika, basi, na ndoo yake ya njano ikabaki inazunguka kwenye maua.

Wavuvi walitafuta mpaka siku ya pili. Walichokipata kilienea kwenye kitenge kimoja, na kaburi lililochimbwa nyuma ya nyumba lilikuwa fupi. Katekista akaomba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema. Skolastika aliposikia neno hilo akainua macho, akakutana na ya Dafroza, akayashusha haraka.

Wanafunzi waliingia matanga hayajaanuliwa. Gari lao likapita polepole mbele ya nyumba ya Dafroza, ambapo wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wamejifunga khanga viunoni. Dirishani akatokea binti mwekundu kwa jua, akawapungia mkono.

"Ni kikundi cha akina mama," Wenceslaus, aliyekaa naye garini, alimwambia. "Wanafanya mkutano wao."

Binti akapiga picha.

Baadaye Wenceslaus alirudi kwa miguu, peke yake. Alivua kofia, akachuchumaa pembeni ya mkeka.

"Pole sana, mama Esta."

"Tushapoa."

"Mimi mwenyewe sijalala. Lakini nimekuja na ombi. Kesho wanafunga bomba, na wamekuja na ratiba yao, wanatakiwa wamfundishe mwanamke wa kamati. Wewe ndiye uliyeandikwa."

Skolastika akageuka. "Huyu ana msiba, baba. Huoni?"

"Naona. Ndiyo maana naomba kwa unyenyekevu. Na msiwaambie habari ya mtoto. Wakisikia mamba, bima yao inawarudisha kwao siku hiyo hiyo. Wakirudishwa hawaji tena, na mkono wa bomba wakubwa wamesema utolewe stoo mbele ya wanafunzi tu. Mtateka wapi? Huko huko?"

Mtoto wa mtu, kule kwenye jiko, alikuwa anauliza kama kuna maji ya kunywa.

Asubuhi Dafroza akajifunga spana kiunoni.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Watoto wa shule waliimba wimbo waliofundishwa, darasa la sita likiwa mstari wa nyuma. Wanafunzi walikuwa wamelipamba bomba kwa maua. Walikuwa wameyachuma wenyewe ufukweni, ya zambarau, yakiwa bado yanadondosha maji. Binti wa dirishani aliitwa Keiti. Alikuwa na uso mpole, na Kiswahili chake kilitoka neno moja moja, kila neno limekamilika.

"Mama, mimi nitakufundisha. Usiogope. Ni rahisi."

Mkono wa chuma ukarudishwa mahali pake, na mnyororo. Ikabaki nati ile ya kwanza. Keiti akampa spana ya shirika, mpya, inang'aa, na Dafroza akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mgeni. Akaikamatisha kwenye nati. Akavuta.

Mkono wake ukaenda kushoto, upande wa kufungulia.

Keiti akacheka, cheko la upole, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha Dafroza. Mwenzake akainua kamera.

"Hapana, mama. Siyo hivyo. Kulia."

Dafroza akamtazama.

"Kulia, mama," Keiti akarudia, akiubana ule mkono, akiuzungusha naye taratibu. "Sasa wewe peke yako. Kulia."

Nyuma, akina mama wa foleni waliinamia ndoo zao. Wimbo wa watoto ulikuwa umeisha. Nati ikazunguka, ikakaza, na Keiti akawa anaitikia kwa kichwa, anafurahi, anahimiza.

"Vizuri sana. Tena, mama. Kulia."